Rameni yenye nyota, na gharama ya sifa

IKIWA wewe ni mwanafunzi unayeishi bwenini, au mzazi unayefika nyumbani jioni ukiwa hoi, bila shaka umewahi kuzimwagia maji moto tambi za pakiti na kusema umekula. Tambi hizo zilibuniwa Japani mwaka wa 1958 na Momofuku Ando. Aliiga mlo ambao Wajapani walikuwa wakiupenda tangu zamani: rameni, yaani tambi za ngano ndani ya supu.

Rameni si chakula cha mabwanyenye. Asili yake ni wahamiaji Wachina waliofika katika bandari kama Yokohama, na wateja wake wamekuwa watu wanaotoka kazini na njaa zao. Ni kama chapati kwa madondo kwetu.

Ndiyo sababu wengi walishangaa Desemba 2015. Kitabu cha Michelin cha Ufaransa, ambacho nyota zake aghalabu huenda kwa mikahawa ya vitambaa vyeupe mezani, kiliupa nyota mkahawa wa rameni kwa mara ya kwanza. Jina lake Tsuta, mtaani Sugamo, jijini Tokyo. Ulikuwa na viti tisa tu!

Mwenyewe, Yuki Onishi, aliufungua mwaka wa 2012. Tambi zilitengenezwa papo hapo, na supu ilitiwa tone la mafuta ya trufu, uyoga ghali wa Ulaya. Hata hivyo, bakuli la kawaida lilikuwa la takriban yeni 1,000.

Foleni mlangoni mwa jirani

Sugamo ni mtaa wa wazee. Barabara yake ya Jizo-dori hujaa akina nyanya wanaonunua vitamutamu, uvumba, na hata nguo nyekundu za ndani zinazoaminiwa kuleta heri. Ghafla, wageni wa kila lugha wakaanza kupanga foleni kwenye milango ya watu.

Ili kuwapunguzia majirani kero, Tsuta ilianza kutoa tikiti asubuhi na mapema. Ulifika yapata saa moja, ukaweka amana ya yeni 1,000, ukarudi saa uliyopangiwa na kurejeshewa pesa zako. Hebu fikiria kurauka hivyo kwa sababu ya bakuli linaloisha kwa dakika 15!

Desemba 2019 Tsuta ilihamia Yoyogi-Uehara, upande mwingine wa jiji. Septemba 2022 Onishi alifariki akiwa na umri wa miaka 43. Alikuwa amepika kwa miaka kumi tu tangu kufungua mlango wake. Kwa hivyo, msomaji, ukifika Sugamo leo usiutafute mkahawa ule.

Badala yake, panda gari la moshi la Yamanote, linalozunguka jiji, na ushuke kituo kinachofuata, Otsuka. Hapo ndipo ulipo Nakiryu, mkahawa wa rameni uliopata nyota yake katika kitabu cha mwaka wa 2017. Una viti kumi kwenye kaunta. Sifa yake ni tantanmen, rameni yenye ufuta uliosagwa na pilipili.

Adabu za mgeni

Kwanza, jipange. Usimshikie rafiki nafasi kwenye foleni, afike mwenyewe. Ukiingia utakuta mashine ya kuuzia tikiti. Tia pesa, bonyeza kitufe cha mlo unaoutaka, kisha umpe mhudumu tikiti. Bakshishi haitolewi, na ukiacha sarafu kaunta huenda ukafuatwa nje urudishiwe.

Pili, ikiwa huli nguruwe, uliza kabla ya kununua. Neno lao ni buta. Supu nyingi za rameni hupikwa kwa mifupa yake, hata kama huoni nyama juu. Tokyo ina mikahawa ya rameni halali, kwa hivyo usione haya kuuliza.

Tatu, sahau kidogo malezi ya nyumbani. Kwetu mtoto akifyonza supu kwa sauti hukemewa. Huko, kuvuta tambi kwa sauti si utovu wa adabu, na tena hewa huzipoza mdomoni.

La nne ndilo kubwa: kula, kisha uondoke. Piga hesabu. Viti kumi, kila mteja akikaa dakika 15, ni watu 40 kwa saa. Wakikaa nusu saa, ni 20. Wauzaji wa rameni Japani huzungumza kuhusu "ukuta wa yeni 1,000", kwani bei ikipita hapo wateja hunung'unika, ingawa unga, nyama na umeme vimepanda. Katika miaka ya karibuni mikahawa mingi midogo imefunga. Anayebaki kusimama juu ya sufuria hategemea nyota. Anategemea kiti kinachoachwa wazi mapema.

Basi weka simu mfukoni baada ya picha moja. Kula tambi kabla hazijalainika, na ukiweza maliza supu. Inua bakuli uliweke juu ya kaunta, upanguse mahali pako, useme "gochisosama deshita", yaani asante kwa chakula. Mpishi atakuitikia hata kama hakuinua macho. Nje kuna mtu ambaye amesimama kwa saa nzima akingojea kiti chako.