Kiharusi Kilimnyima Sauti, Mpwa Wake Akamrudisha Hewani kwa Kibodi

Mchumba alisema sentensi moja tu, na jamaa akalala nayo wiki nzima: "Yaani unamnunulia redio mtu asiyeweza kuongea?"

Walikuwa chumbani kwa jamaa, Gongo la Mboto, chumba kimoja cha kupanga, feni inalia kuliko inavyopuliza. Mezani kulikuwa na laptopu mbili kuukuu za Kariakoo, kadi za sauti za USB zile za bei ya chee, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na nyaya kama tambi. Hela ilitoka kwenye kibubu cha sofa. Walikuwa wanaweka kidogo kidogo tangu mwaka jana yake, na bibie alishachagua mpaka rangi. Tuwe wakweli, alikuwa na haki ya kununa.

Mtu anayezungumziwa ni mjomba wa jamaa, mzee wa Msimbu, Kisarawe. Kwa wasiopajua, unapita Pugu, unapanda mlima hadi Kisarawe mjini, halafu unaingia ndani kwenye mikorosho na mihogo. Mzee huyu maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa redio koli. Kabla ya simu za mkononi, shirika likiwa na gari porini au kituo mkoani, yeye ndiye aliyekuwa anaita na kuitikiwa. Alipostaafu hakuacha. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, zile za TCRA, na jina lake la hewani linaloanza na 5H kama la kila mwenye leseni hiyo Tanzania. Usiku alikuwa anakaa barazani na redio yake ya masafa mafupi anapiga stori na watu wa Kenya, wa Italia, wa Japani. Sauti nzito, ya taratibu. Watoto wa jirani walikuwa wanamwigiza.

Mwanzoni mwa 2024 kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito kiasi kwamba neno likitoka, mkewe tu ndiye anayelielewa, na yeye mwenyewe siku nyingine anabahatisha. Akili haikuguswa. Anaelewa kila kitu, anakumbuka kila kitu, na kalamu ameanza kuishika kwa kushoto.

Sasa utasema, si wamwekee WhatsApp? Walimwekea. Wakamwingiza kwenye kundi la ukoo. Kila akiandika neno moja kwa tabu, yanamwagika maua, mikono ya dua na "pole sana mzee wetu" thelathini. Baada ya siku kumi simu akampa mjukuu achezee gemu.

Jamaa alienda kumwona sikukuu ya Idd, Aprili. Alimkuta barazani, redio imewashwa, inaongea yenyewe. Mzee akanyanyua maiki kwa mkono wa kushoto, akaiangalia, akairudisha kwenye ndoano. Hakujua kama kuna mtu nyuma yake. Jamaa akarudi hatua mbili, akakohoa, ndipo akasema, "Shikamoo mjomba."

Jamaa mwenyewe ni fundi simu, na leseni aliisomea kwa kusukumwa na huyu huyu mzee. Njiani kurudi mjini akakumbuka kitu ambacho mzee alimwambia zamani akakipuuza: redio ya pakiti.

Ni hivi. Badala ya kuongea kwenye maiki, unaandika kwenye kompyuta. Kompyuta inakata maandishi vipande vipande, kila kipande kinabandikwa jina la anayetuma na anayepokea, kinageuzwa mlio, na mlio unarushwa na redio ya kawaida. Upande wa pili kompyuta inasikiliza, inarudisha mlio kuwa maandishi, na kama kipande kimeharibika inaomba kirudiwe. Lugha wanayoongea hizo kompyuta inaitwa AX.25, ni ya tangu miaka ya 1980. Kasi yake inachekesha: biti 1200 kwa sekunde. Selfi moja ya megabaiti 3 ingechukua zaidi ya saa tano na nusu, tena kama kila kitu kimeenda sawa. Lakini "habari za jioni" inafika kabla hujapepesa.

Na siyo mchezo wa watoto wa Ulaya tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, intaneti haijafika huku, madaktari wa Muhimbili walikuwa wanapata barua na makala za kitabibu kupitia HealthNet, mtandao wa shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown. Setilaiti ndogo inapita juu, inachukua barua, inaizunguka nayo dunia, inaishusha kwenye kituo kingine. Hiyo nayo ilikuwa redio ya pakiti.

Shida ya jamaa ilikuwa mlima. Yeye yuko Gongo la Mboto, mzee yuko Msimbu, katikati vimekaa vilima vya Pugu, na masafa ya mita 2 hayapendi kupinda. Dawa yake ni nodi: kituo kinachokaa juu, kinapokea kutoka huku na kupasia kule. Kuna ndugu ana nyumba Kisarawe mjini, kule juu kwenye upepo. Akakubali fimbo ya antena ifungwe kwenye bomba la dishi, kwa sharti kwamba isimharibie mpira wa Jumamosi.

Kwa hiyo vituo vitatu, vyote Linux, vyote na programu mbili za bure. Direwolf inafanya kazi ya modemu, inageuza mlio kuwa data na data kuwa mlio. LinBPQ ndiyo nodi yenyewe, inajua nani yuko wapi na barua ipitie njia gani. Kila nodi inataka jina la mkato lisilozidi herufi sita. Akaandika PUGU kwa ajili ya kwake, KISRWE kwa mlimani. Ya mzee ikaandikwa MSIMBU. Herufi sita kamili, kama kijiji kilipewa jina kwa kupimiwa.

Kuandika mafaili yale siyo kazi ya kutisha, ni kazi ya kuchosha. Unaiambia Direwolf kadi ya sauti ni ipi, jina lako la hewani ni lipi, redio ibonyezwe kupitia waya gani. Unamwingiza mtumiaji wa Linux kwenye kundi la sauti na lile la milango ya nyaya, la sivyo utagomewa bila maelezo ya maana. Unarekebisha sauti mpaka Direwolf ikuonyeshe namba inayocheza karibu na 50. Halafu unaiambia LinBPQ imtafute Direwolf kwenye mlango namba 8001. Mchumba akipita nyuma anaona maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, anasonya, anaendelea.

Wikiendi ya kimbunga Hidaya, tarehe 4 Mei, mvua ilipiga pwani yote na barabara ya kusini ikakatika Somanga. Msimbu umeme ukaenda, laptopu ya mzee betri yake ilishakufa zamani, ikazima. Umeme uliporudi ikawaka vizuri tu, ila kiziwi. Jamaa alipoteza siku tatu na usafiri wa mara mbili kugundua kwamba Linux ilipowaka upya ilihesabu kadi za sauti kwa mpangilio mwingine: iliyokuwa namba 1 imekuwa namba 2. Akaacha kuiita kwa namba, akaiita kwa jina. Funzo la bure kwa fundi yeyote, ingawa yeye nauli ya bodaboda alilipa.

Basi Msimbu ikawa inasikia. Lakini ikirusha, Kisarawe haijibu. Inarusha, kimya. Inarudia, kimya. Mara kumi, inakata tamaa. Redio inawaka taa nyekundu, mlio unatoka, lakini mlimani hakifiki kitu cha kueleweka.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 jamaa alikuwa Msimbu tangu asubuhi akipanga kulimaliza hilo kwa kugugo. Wanaoikumbuka siku hiyo wanajua kilichotokea. Nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini na intaneti ya nchi ikalala. Hakuna kugugo, hakuna YouTube, hakuna mhindi wa kukuelekeza. Kupiga simu tu ndiko kulikokuwa kunakubali. Jamaa akakaa kwenye mkeka na mafaili yake kama mwanafunzi aliyeibiwa madesa.

Alikuwa ameshikilia redio ndogo ya mkononi, Baofeng, ili asikie anachorusha mwenyewe. Krrap. Krrap. Mzee yuko kwenye kiti chake, kichwa amekiinamisha, macho amefumba. Jamaa alidhani amesinzia. Mara mzee akanyoosha mkono wa kushoto akadai ile Baofeng. Akaisogeza sikioni. Akafanya ishara: rusha tena. Tena. Tena.

Halafu akaomba karatasi. Iliandikwa polepole, herufi kubwa zilizoparama:

KICHWA KIMEKATWA. BONYEZA. SUBIRI. SEMA.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya redio koli. Ukibonyeza maiki na kuropoka hapo hapo, redio haijapanda hewani bado, na neno lako la kwanza linabaki mdomoni mwako. Wageni wote hufanya kosa hilo. Mzee amelisikia miaka thelathini, na sasa alikuwa analisikia kwa kompyuta.

"Lakini mjomba, hilo nimeliweka," jamaa akasema. Kwenye faili la Direwolf kuna TXDELAY, muda wa kusubiri baada ya kubonyeza. Ilikuwa 30, na hapo 30 ina maana ya milisekunde 300, kwa sababu Direwolf inahesabu kwa makumi. Alishaipandisha hadi 50 na hakuna kilichobadilika.

Mzee akapigia mstari neno SUBIRI.

Hapo jamaa akafanya kitu alichopaswa kukifanya siku ya kwanza. Akaizima Direwolf iliyokuwa inakimbia nyuma ya pazia, akaiwasha mbele ya macho yake, akasoma mstari kwa mstari. Ulikuwepo. Ulikuwepo siku zote: programu nyingine imeamuru TXDELAY iwe 3. Milisekunde 30. Ni LinBPQ! Nayo ina TXDELAY yake, jamaa aliandika 30 akidhani ni hesabu ile ile, kumbe yenyewe inahesabu milisekunde moja moja. Kila ikiwaka inamwambia Direwolf, "achana na faili lako, fuata langu." Ile redio kongwe ya mzee haikuwa inawahi hata kuvuta pumzi.

Akaandika 400. Akawasha upya.

Krrraap. Sekunde. Na kutoka mlimani, krrap, jibu.

Jamaa hakupiga kelele. Alimsogezea mzee kibodi. Mzee akaangalia skrini muda mrefu, akaanza kudonoa kwa kidole kimoja. Ilichukua kama dakika nne. Mkewe alikuja na chai, akasimama nayo mkononi.

Kule Gongo la Mboto mchumba alikuwa anafua. Simu ikaita. "Hebu nenda kwenye laptopu, niambie kuna nini."

"Kuna makrokro yako."

"Soma ya mwisho."

Akasoma kwa sauti. Jina la mzee la hewani, kisha: HAPA MSIMBU. HABARI ZA JIONI MAMA. SAMAHANI KWA SOFA.

Kimya kikapita kwenye simu. Kwa sababu hakuna aliyemwambia mzee habari ya sofa. Inaonekana mkwe na mama mkwe wana njia zao za mawasiliano.

"Namjibu vipi?" akauliza hatimaye.

"Wewe huwezi kumjibu, huna leseni."

"Kumbe hata huko kuna ubaguzi," akasema, akakata simu. Lakini akapiga tena baada ya dakika mbili kuuliza leseni inaombwaje.

Siku hizi mzee yuko hewani kila jioni baada ya magharibi. Hana haraka, na kwa biti 1200 kwa sekunde hakuna anayemtegemea awe na haraka. Hakuna anayemtumia maua. Kuna mwenye leseni mwingine Dar ambaye waliandikiana wiki tatu bila yule kujua kwamba anaongea na mgonjwa. Alidhani ni mtu mkali tu asiyependa maneno mengi. Mzee alifurahi sana kuhusu hilo. Jamaa anasema ameshakaripiwa mara mbili, kwa maandishi, kwa kuanza kupiga soga bila kutaja kwanza jina la kituo.

Kero moja imebaki. Kwenye redio ya ridhaa hairuhusiwi kuficha ujumbe, kila mwenye redio na kompyuta anasoma kila kitu. Mzee analijua hilo vizuri kuliko wote, na ndiyo sababu anauliza habari ya sofa hewani, mbele ya watu, kila Ijumaa. Yule jamaa wa Dar naye ameanza kuuliza.

Sofa bado haijanunuliwa.