Swali la Mama Kuhusu Mali Inayolala

Nilikulia katika duka la rejareja la mama yangu, Majengo, Mombasa, lakini hisa niliziona mambo ya watu wenye suti. Fikra hiyo nilihama nayo hadi Columbus, Ohio. Akiba kwangu ilikuwa ploti, basi. Kilichonigeuza ni shifti ya usiku ya kupanga bidhaa kwenye rafu za Walmart.

Mfanyakazi wa huko akikubali kukatwa mshahara kidogo ili anunue hisa za kampuni, mwajiri humwongezea asilimia 15 kwenye dola 1,800 za kwanza za kila mwaka. Nilijiandikisha kwa ajili ya nyongeza hiyo tu. Nilipompigia mama simu kumweleza, bei hakuiuliza. Aliuliza, "Mwanangu, mali yao hulala?"

Swali hilo ndilo lililonifungua macho nikaanza kusoma ripoti ya mwaka. Faida ya mama katika kilo ya sukari ilikuwa ndogo mno, ila gunia liliisha upesi akaagiza jingine. Walmart nayo, katika kila dola ya mauzo, hubakiwa na senti 2 hadi 3 tu. Nguvu yake ni kuzungusha mali haraka, usiku na mchana, na kazi hiyo nilikuwa nikiifanya kwa mikono yangu.

Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, alipouza hisa kwa umma mara ya kwanza, Oktoba 1970, kila moja ilikuwa dola 16.50. Aliyenunua 100 na kuzishika angekuwa na 614,400 leo, kwa kuwa zimegawanywa mara 12. Simulizi hiyo hupendwa sana. Mimi huongeza ile sehemu inayorukwa: mwisho wa 1999 hisa ilikuwa karibu dola 69, na mwisho wa 2011 ilikuwa haijafika 60. Mauzo yalikua, gawio likapanda kila mwaka, bei ikadumaa. Mzazi aliyetegemea kuziuza apate karo katika miaka ile aliumia.

Ukubwa wenyewe si kinga. Maduka ya Kmart, Target na Walmart yote yalianza 1962. Kmart iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2002, baadaye ikaungana na Sears, iliyopata kuwa kampuni ya rejareja kubwa kuliko zote Marekani. Oktoba 2018 Sears nayo ikafika mahakamani.

Mei 2022 nililiona swali la mama kwa macho. Stoo ilikuwa imejaa hadi pa kupita hapakuwepo: runinga, fanicha, vitu ambavyo watu walikwisha kuvinunua wakati wa korona. Hesabu zilipotoka, mali iliyokuwa ghalani ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 30 katika mwaka mmoja, na mauzo kwa kama 2 tu. Mafuta na mishahara navyo vilikuwa vimepanda. Hisa ikaanguka zaidi ya asilimia 11 kwa siku moja. Kesho yake Target ikapoteza karibu robo ya thamani yake. Baadhi ya wenzangu waliuza usiku uleule. Mimi nilimwambia mama, "Safari hii imelala." Akasema, "Basi watashusha bei." Walishusha, stoo ikapungua, nami hisa zangu sikuziuza.

Hata hivyo, mshahara na akiba visitoke mlango mmoja. Sehemu ya hisa zangu huiuza kila mwaka, nikanunua mfuko unaofuata kampuni 500 kubwa za Marekani.

Jambo ninalolithamini zaidi ni kura. Wanahisa walipoletewa pendekezo kuhusu mishahara ya wafanyakazi, nililisoma lote na majibu ya bodi, nikapiga kura ya ndiyo kwa simu kabla ya kuingia kazini. Familia ya Walton ina karibu asilimia 45 ya hisa, kwa hiyo nilijua halitapita. Nilitaka kura yangu ihesabiwe, na kwenye jumla ya ndiyo hisa zangu zimo.