Sema Unachokiona Kwanza

Mtoto wa Kambi Muru, hapa Kibera, hafundishwi kukosoa. Amekulia kwenye mchongoano. Mapumziko hayajaisha amekwisha kumchambua mwenzake kuanzia viatu hadi ugali wa kwao. Jicho analo, ulimi anao. Kazi yangu katika Gredi ya Saba ni kulihamisha jicho hilo kutoka kwa mwenye mchoro hadi kwenye mchoro.

Pongezi ndizo zinazonisumbua zaidi. "Imeweza." "Iko poa." Anayesema hivyo huwa ni rafiki, na mara nyingi hajatazama. Mwenye mchoro anarudi kuketi ameridhika, hajui tena penseli aipeleke wapi. Heri hata kejeli, maana angalau imetokana na kitu kilichoonekana.

Mtaala unataka wanafunzi waonyeshe kazi zao na kuzizungumzia. Unataka pia mengine mengi, na tangu 2024 sanaa za kuchora, za jukwaani na michezo zimefungwa pamoja katika somo moja la sekondari msingi, kwa hiyo muda ni wa kugombania. Ndiyo sababu napenda kuanza na mabango. Bango la kinyozi au la mama mboga lina kipimo chake: mpita njia amelisoma au hakulisoma. Na Kibera ina historia yake katika kazi hii. Otieno Gomba na Kota Otieno walizunguka mitaa wakiwa wamevaa Kimaasai, wakitafuta kazi ya kuchora mabango ya vibanda, na humo likazaliwa kundi la wasanii la Maasai Mbili mwaka 2001. Mchora mabango ana bahati ambayo mwanafunzi hana: mteja akiona kasoro, pesa haitoki mfukoni.

Nikupe bango la kijana mmoja. Alikata ubavu wa katoni, akaandika KINYOZI kwa herufi nyekundu. K ilikuwa pana kama mlango. Kufika Z nafasi imekwisha, I imening'inia ukingoni. Mwenzake akafungua mdomo: "Wewe hata kula huwa unakimbia." Nikamkatiza. Darasani kwetu neno "wewe" halitumiki wakati wa kujadili kazi. Sentensi inaanza na kitu kilichopo kwenye karatasi. Akajikusanya, akasema, "Herufi tano za kwanza zimekula bango lote." Msichana mmoja akaenda hadi mlangoni, akageuka, akasoma kwa sauti: "Kinyo." Darasa likaangua kicheko, na mwenye bango naye akacheka, kwa sababu safari hii kilichochekwa ni katoni.

Walimu wengi huishia hapo, wakaridhika kwamba watoto wamejadiliana. Mimi naona hapo ndipo somo linaanza, na linaanza na tatizo la pesa. Karatasi moja ya manila tunaigawanya vipande. Ukimwambia mtoto arudie, umemwambia anunue, na akijua hana cha kununulia ataitikia tu "sawa, mwalimu" bila kugusa kitu. Kwa hiyo tunatumia nailoni angavu ya kufunikia vitabu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini nailoni hiyo madukani ipo. Inalazwa juu ya mchoro, mwenzako anachora pendekezo lake kwa kalamu ya ubao mweupe, mnaliangalia pamoja, kisha linafutwa kwa kitambaa. Mchoro wenyewe haujaguswa. Wale wasiopenda kuongea mbele ya watu, hapa ndipo huwa wakali kuliko wote.

Yule kijana alipata mapendekezo mawili. La kwanza lilizipunguza herufi zote, likasomeka lakini likapoa. La pili lilihesabu herufi saba, likaiweka ya nne, Y, katikati kabisa, na nyingine zikapangwa kuanzia hapo kwenda pande zote mbili. Akalichukua la pili. Mtu akamwambia pia abadilishe nyekundu iwe buluu, akakataa: kibanda cha kinyozi anayemfikiria kimepakwa buluu, herufi zitazama ukutani. Nilifurahia kukataa kule kuliko marekebisho yenyewe. Mchoraji Elimo Njau, mmoja wa walioanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, amejulikana miaka yote kwa kukemea kunakili. Kufuata kila neno la mwenzako bila kulipima nako ni kunakili.

Ndiyo maana nyuma ya kila kazi mwanafunzi anaandika mistari michache: nimebadilisha nini baada ya kusikiliza, nimekataa nini, na kwa nini. "Sikupenda" si sababu. Nikikusanya kazi, nasoma nyuma kabla ya kugeuza mbele. Kuna michoro ya kawaida kabisa yenye nyuma nzuri sana, na hiyo naipa haki yake.

Mwalimu mwenzangu, usiweke maksi kabla ya marekebisho. Mtoto akishaiona namba, maneno ya wenzake hayamwingii tena, na anayefuata kuzungumza anajua hivyo, naye ananyamaza. Na kama vipindi havitoshi, punguza idadi ya michoro ya muhula. Muda wa kurekebisha uache ulivyo.