Gari Lililofika Kilomita 400,000

Mwaka 1966 mwalimu mmoja wa sayansi wa jimbo la New York, jina lake Irv Gordon, alinunua gari jekundu aina ya Volvo P1800S kwa bei iliyokaribia mshahara wake wa mwaka mzima. Hakuliuza tena. Mwaka 1987 gari hilo lilitimiza maili milioni moja, ambazo ni zaidi ya kilomita 1,600,000. Mwaka 2002 likatimiza milioni mbili, na mwezi wa Septemba 2013, katika barabara za Alaska, likatimiza milioni tatu, mwenyewe akiwa bado ameshika usukani. Wakati wa kifo chake, mwaka 2018, alikuwa angali na gari lile lile.

Watu wengi walimwuliza siri yake, naye aliwajibu daima maneno yasiyo na utamu kwa msikilizaji: soma kitabu kilichokuja na gari, fuata kilichoandikwa humo, badilisha mafuta ya injini kila maili 3,000 au 3,500, yaani kilomita 5,000 hivi. Huko Ugiriki, dereva wa teksi Gregorios Sachinidis alifikisha Mercedes 240D yake ya mwaka 1976 kwenye kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikapokelewa katika jumba la makumbusho la kiwanda chake kule Ujerumani. Kweli, ilibadilishiwa injini mara nyingi, na mtu mwenye kupenda mabishano anaweza kuuliza kama bado ni gari lile lile. Mimi sina nguvu ya ubishi huo. Dereva alikuwa yule yule, na hilo lanitosha.

Ndugu vijana, nimeanza mbali, lakini furaha ya namna hiyo niliiona nyumbani kwetu Lubumbashi. Baba yangu mdogo alinunua Toyota Corolla mwanzoni mwa mwaka 2011. Ilikuwa imetoka Japani, ikashuka bandarini Dar es Salaam, ikavuka Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, na usukani wake ukiwa upande wa kuume kama magari mengi ya kwetu yapitayo njia hiyo. Sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Basi dereva wa gari la namna hiyo huketi karibu na mtaro, na akitaka kupita lori hamwoni anayekuja mbele. Abiria wa kiti cha mbele, upande wa kushoto, ndiye aliyekuwa macho ya baba mdogo. Alimchagua kwa uangalifu kuliko abiria wengine wote, na mlevi hakuketi hapo hata kama amelipa mara mbili.

Siku alipolipokea gari, saa ya kilomita ilionyesha 118,000. Alinunua daftari la shule lenye jalada la buluu, akaandika katika ukurasa wa kwanza: «118,000, nilizopokea.» Akapiga mstari chini yake kwa rula. Kuanzia hapo aliandika kila kitu: mafuta ya injini kila kilomita 5,000, matairi, breki, siku ya redieta kuvuja karibu na Likasi na jina la fundi aliyeiziba. Alifanya safari tatu kwa juma, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Lubumbashi hadi Likasi na kurudi, kilomita 240 hivi. Sisi watoto wa ukoo tulilicheka daftari lile. Fundi mmoja wa mtaani alimwambia kwamba gari si mwanafunzi hata liwe na kitabu cha alama.

Mwaka 2018 kaka yangu, aliyekuwa akifundisha fizikia, aligundua kwamba saa ile ilikuwa imepita 384,400, ambao ndio umbali wa wastani kutoka duniani mpaka mwezini. Habari hiyo ilienea mtaani kwa siku moja. Watoto wakaanza kuliita gari hilo Mwezi, na abiria wengine waliuliza kwa mzaha kama nauli ya kurudi duniani imo ndani ya bei. Mwishoni mwa mwaka ule ule baba mdogo alituambia kwamba zimebaki kilomita zisizofika mia moja kutimiza 400,000, wala hakutaka namba ile igeuke akiwa peke yake barabarani. Jumapili moja alasiri tukaingia watano, naye akaendesha polepole kwenye barabara ya Kipushi hadi tarakimu zikasimama mahali pake. Tulipiga picha. Nyumbani kulikuwa na kasha la soda, karanga, na kuku wawili ambao mama mdogo aliwatoa kwa kunung'unika kidogo.

Hapo ndipo kaka yangu yule yule alipoharibu sherehe, au alipoitengeneza, sijui. Aliuliza: hizo 118,000 za kwanza tulizihakikisha wapi? Wote tunajua kwamba saa ya kilomita hurudishwa nyuma. Zile za zamani ziligeuzwa kwa mkono, na hizi za umeme hugeuzwa kwa kompyuta ndogo, kazi ya dakika chache. Gari linalofika kwetu limeshapita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na sababu ya kutamani namba iwe ndogo. Baba mdogo hakukasirika. Alileta daftari, akaonyesha ule mstari wa rula, akasema: «Za juu ya mstari sizijui. Za chini yake, 282,000, nazijibia mimi.» Basi wengine wakainua soda kwa ajili ya 400,000 na wengine kwa ajili ya 282,000, na kasha lilikwisha kwa upesi ule ule.

Nakiri kwamba sipendi kila sherehe ya namna hii. Nimewahi kupanda teksi ambayo dereva wake alijivunia nusu milioni ya kilomita huku akikanyaga breki mara tatu ili lisimame mara moja. Uzee wa gari peke yake si sifa. Moshi mweusi unaoingia katika vifua vya watoto kandokando ya barabara hauna heshima yoyote kwa sababu umetoka katika injini ya kale. Na yule Gordon wa Marekani alikuwa na barabara laini, vipuri halisi, na mshahara uliofika kila mwisho wa mwezi. Gari la kwetu likifika 400,000 katika mashimo ya wakati wa mvua, pamoja na vipuri ambavyo hujui kama ni vya kweli au vya kuigiza, kuna mtu aliyelala chini yake mara nyingi, mgongo ukiwa kwenye udongo. Nadhani ndiye tuliyekuwa tukimnywea soda, ingawa picha tulipiga ya tarakimu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike. Mwaka uliofuata binti yake wa kwanza alifaulu diploma ya serikali kwa alama nzuri, akataka kusoma udaktari. Minervali, vitabu, chumba karibu na chuo: hesabu ilikuwa kubwa kuliko safari zote za Likasi. Baba mdogo akaamua kuuza gari. Akaja dalali, komisioneri kama tusemavyo huku, akalizunguka, akalisifu, akasikiliza injini, kisha akatazama saa. Akasema kwa sauti ya mtu anayesaidia: «Baba, kwa namba hii utapata dolari 2,000 tu. Nipe gari usiku mmoja, kesho litaonyesha 160,000, nami nitakuletea mnunuzi wa dolari 3,200.»

Dolari 1,200 nyumbani kwetu si kitu cha kusemwa haraka. Mama mdogo alizihesabu palepale: mwaka wa kwanza wa masomo, na akiba kidogo. Alisema kila mtu hufanya hivyo, kwamba hata waliotuuzia sisi huenda walifanya hivyo, na kwamba mnunuzi mwenyewe anajua. Hoja zake hazikuwa za kipumbavu, na sikumsikia mtu yeyote akizijibu vizuri. Baba mdogo hakuzijibu pia. Alisema tu kwamba mtaa mzima ulikula karanga kwa ajili ya namba ile, na kwamba hawezi kupita mbele ya watoto wanaoliita gari hilo Mwezi akiwaambia limerudi nusu ya njia. Mwishowe akaongeza jambo ambalo naona ndilo lililokuwa kiini: mtu atakayeamini 160,000 hatabadilisha vitu vinavyopaswa kubadilishwa, na atajaza abiria watano.

Gari likauzwa dolari 2,100 kwa mfanyabiashara wa Kolwezi, pamoja na daftari. Mtu yule alisoma kurasa zake kwa muda mrefu kuliko alivyotazama injini, kisha akaongeza hiyo mia moja kwa ajili ya daftari peke yake. Tulifurahi kuliko ilivyostahili.

Sitaki mdhani kwamba baada ya hapo mambo yalijipanga. Fedha hazikutosha udaktari. Binti aliingia taasisi ya uuguzi, miaka mitatu badala ya ile mingi aliyoitamani, naye leo anafanya kazi ya zamu katika wodi ya wazazi. Ni muuguzi mzuri. Siku moja nilimwuliza kama anamlaumu baba yake. Alifikiri kidogo, akasema kwamba wiki fulani anamlaumu na wiki nyingine anasimulia habari ile kwa wenzake kwa majivuno, na kwamba bado hajajua ni wiki zipi zilizo nyingi. Mimi naamini baba mdogo alitenda haki. Naamini vilevile kwamba gharama yake haikutoka katika mfuko wake peke yake, na watu wanaomsifu, nikiwemo mimi, tulipaswa kuchanga kitu siku ile badala ya kutoa pongezi.

Mama mdogo hajabadili mawazo. Mnunuzi wa Kolwezi alipotuma picha ya saa ikionyesha 450,000, sote tulishangilia simu ikipita mkono kwa mkono. Yeye aliitazama, akairudisha, akasema: «Elfu moja na mia moja», akaenda kugeuza ugali.