Nyumba Isiyo na Msingi: Wazee wa Pwani ya Texas Wakati wa Baridi

Nchi ya Marekani ni pana mno, na hewa yake si moja. Katika mwezi wa Januari mtu akaaye katika jimbo la Minnesota, lipakanalo na Kanada, huamka akakuta theluji imemzibia mlango, na usiku baridi hushuka aghalabu kupita nyuzi 10 chini ya sifuri. Mwezi huo huo, katika pwani ya Texas, kando ya Ghuba ya Meksiko, joto la mchana hufika nyuzi 17 au 18, na watu huketi ufukoni wakavua samaki. Basi si ajabu kwamba kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika huko kaskazini, maelfu ya wazee hufunga safari kuelekea kusini. Watu huwaita ndege wa theluji; na wenyeji wa Texas huwaita Watexas wa majira ya baridi.

Wengi wa wasafiri hao wameziacha nyumba zao zimefungwa, nao huzirudia mwezi wa Machi au Aprili. Lakini wako wengine waliouza nyumba, wakagawa vyombo, wakawa hawana makao mengine ila nyumba ya magurudumu. Nyumba hizo ni za namna mbalimbali. Nyingine ni kama basi zima, lenye injini yake. Nyingine ni tela linalofungwa nyuma ya gari. Na nyingine ni tela kubwa ambalo shingo yake huegemea ndani ya lori dogo linalolivuta. Mume na mke waliokwisha kustaafu huingia humo wakaishi mwaka mzima, wakati wa joto kaskazini na wakati wa baridi kusini. Khabari za maisha hayo husimuliwa kwa sifa nyingi, kana kwamba ni sikukuu isiyokwisha. Sisi tulipopata nafasi ya kukaa wiki tatu kati yao mwezi wa Januari, karibu na mji wa Rockport, tulitaka kujua jambo moja: je, mtu aliyefika umri wa kupumzika aweza kuacha msingi wa nyumba, asipoteze utulivu wa nyumba?

Rockport ni mji mdogo uliojengwa juu ya ulimi wa nchi, baina ya maji ya Aransas na maji ya Copano. Mbele yake vimelala visiwa virefu vya mchanga viizuiavyo bahari kuu. Kwa hiyo maji ya ndani ni matulivu, ya kina kifupi, yenye kaa, kamba na samaki wengi. Miti yake mashuhuri ni mialoni ambayo hubaki na majani hata wakati wa baridi, na upepo wa bahari umeipinda kuelekea bara, ikawa kama watu wanaokimbia mvua. Mmoja wa miti hiyo, ulio katika hifadhi ya Goose Island ng'ambo ya maji, wakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2017 tufani iliyoitwa Harvey ilitua karibu na Rockport, na upepo wake ulikuwa wa kiasi cha kilomita 210 kwa saa. Mapaa yaliezuliwa, kuta zikaanguka, na mialoni mingi michanga ikang'oka. Mti ule mkongwe ukasalia. Wenyeji hupenda kuuonyesha kwa wageni. Nasi tulipokuwa tukiutazama, twalikumbuka kwamba hata nyumba yenye msingi haina amana ya milele. Majira ya tufani huanza Juni yakaisha Novemba. Mwenye magurudumu akipata onyo huondoka mapema na nyumba yake. Mwenye kuta hana ila kuziacha na kuomba.

Wazee hao si wageni wa pekee wajao pwani hiyo kukimbia baridi. Kaskazini ya Rockport liko eneo la hifadhi ya Aransas, lililowekwa na serikali mwaka 1937, na huko hutua korongo weupe watokao Kanada, safari ya kilomita 4,000 hivi. Korongo huyo ndiye ndege mrefu kuliko wote wa Amerika ya Kaskazini. Akisimama hufikia kimo cha mita moja na nusu. Mwaka 1941 walikuwa wamebaki pungufu ya 25 duniani. Kwa kulindwa na kutunzwa, kundi lile lijalo Aransas peke yake sasa limepita 500. Korongo hawa huishi mume na mke, hawaachani mpaka mmoja wao afe. Na katika majira ya baridi kila jozi, pamoja na kinda lao, hushika sehemu yao ya kinamasi, wakala kaa na wakawafukuza wenziwao waingiao. Tuliwaona kutoka katika mashua, watatu watatu, wakitembea majini kwa adabu kama watu waendao arusini. Wazee tuliokuwa nao mashuani walinyamaza kimya, na hapana shaka kwamba kila mmoja wao alikuwa akifikiri mambo yake mwenyewe.

Sasa na tuitazame nyumba yenyewe. Wenyeji wetu walikuwa mume mwenye miaka 74 na mkewe mwenye miaka 71, waliotoka Minnesota, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Tela lao lilikuwa na urefu wa mita 10, na upana wake njiani ulikuwa hauzidi mita 2.6, kwani sheria ya barabara hairuhusu zaidi. Lakini likisha kusimama na kusawazishwa kwa jeki, hubonyezwa kitufe, na sehemu za ukuta husogea nje kama mtoto wa meza, ndipo hupatikana sebule ya kutosha watu sita. Mna jiko la gesi, jokofu, kitanda cha watu wawili, choo na bafu. Kila kabati lina kitasa ili lisifunguke njiani. Kila chombo kina mahali pake, kwani kikombe kimoja cha ziada ni mzigo, na sufuria ya tatu huuliza mapema: nitalala wapi?

Yule bibi alituambia kwamba kuuza nyumba hakukumliza, wala kuuza gari. Lililomliza ni sanduku la vyombo vya mama yake, ambavyo hakuna mtoto wake hata mmoja aliyevitaka. Alivitazama siku tatu, kisha akabakiza birika moja. Birika hilo ndilo alilotupikia chai.

Kuishi katika nyumba ya namna hiyo kwahitaji maarifa ambayo mkaa mjini hayafikirii. Chini ya sakafu mna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Tangi la choo halifai kuachwa wazi likamwaga kila siku, kwani maji hutoka na uchafu mgumu hubaki ukaganda. Hungojwa lijae kiasi, ndipo hufunguliwa bomba lake kwanza, kisha hufunguliwa lile la maji ya kuogea ili yaoshe mpira. Matairi nayo hayahukumiwi kwa kutazama meno yake tu. Tairi lililosimama juani miaka mingi hupasuka njiani hata kama lina sura ya upya, kwa hiyo huhesabiwa umri wake. Na kwa kuwa hewa ya bahari ina chumvi, chuma hushikwa na kutu upesi, basi mwenye nyumba huosha na kupaka mafuta kila mara. Mtu adhaniaye kwamba wazee hao hukaa bure na waende wakawaone saa mbili za asubuhi.

Katika mambo yote tuliyoyaona, moja lilitushika zaidi. Siku moja ya Jumapili, katika uwanja mtupu nje ya mji, tulimkuta yule bibi ameshika usukani wa lori lenye tela, na mumewe amesimama nyuma akimwelekeza kwa mikono jinsi ya kurudi kinyumenyume. Alirudia mara saba au nane. Tukamwuliza mzee sababu ya kumtaabisha mkewe katika umri ule. Akajibu kwamba miaka minane ya kwanza yeye peke yake ndiye aliyeendesha, na mke peke yake ndiye aliyejua hesabu za fedha, dawa na karatasi za bima. Kisha mwaka uliopita macho yake yalianza kupata ukungu, na tabibu akamwonya. Ndipo wakatambua kwamba mmoja wao akianguka njiani, mwenziwe atabaki hana la kufanya. Tangu siku ile kila mmoja hujifunza kazi ya mwenziwe. Mzee ana daftari aliloandika kwa mkono wake majina ya dawa zote za mkewe na saa za kuzimeza. Na bibi ajua kufunga tela, kutoa jeki na kumwaga matangi.

Tuliambiwa na wengi kwamba nyumba ndogo haiumbi mapenzi wala haiyavunji, bali huyafichua. Mume na mke waliozoea kukimbiana, huyu kazini na huyu jikoni, hukutana humo uso kwa uso, wala hapana chumba cha kukimbilia. Wengine hawafiki mwaka mmoja, wakauza.

Amma majirani, ni kitu cha ajabu. Mahali pa kuegesha hukodishwa kwa usiku, kwa wiki au kwa mwezi, na kwa mwezi huwa rahisi zaidi. Kwa hiyo wasafiri wale wale hurudi pale pale kila mwaka. Wengine hukaa bure katika hifadhi za jimbo kwa kufanya kazi ya kuwapokea wageni na kusafisha. Mtu akifika, hata hajafunga waya wa umeme, mikono miwili mitatu huwa imekwisha kumshikia. Mwezi wa Februari 2021 baridi kali isiyo ya desturi iliingia Texas, na mamilioni ya watu wakakosa umeme. Pwani nzima iliganda. Kasa waliishiwa nguvu majini, na maelfu yao waliokolewa na watu wa kujitolea, wakalazwa katika jumba la mikutano la South Padre Island mpaka wakapata joto. Wenyeji wetu walikuwako. Mabomba yao yalipasuka, wakakaa siku nne katika tela la jirani aliyekuwa na gesi ya kutosha, watu saba katika sebule moja. Jirani huyo hawakuwa wakimjua hata jina wiki mbili kabla yake.

Hata hivyo, haifai kuficha upande wa pili. Asiye na nyumba ya kudumu hana anwani, na bila anwani mtu hupata taabu kupata leseni, au bima, au kura. Kwa hiyo wengi hujiandikisha Texas, Florida au South Dakota, majimbo yasiyotoza kodi ya mapato, wakalipia huduma ya kupokelewa barua zao. Matibabu ya serikali kwa wazee huanza umri wa miaka 65, lakini mipango mingine ya bima hulipa kwa matabibu wa mtaani kwako tu, na msafiri huumia mbali na mtaa. Tena si wote waliochagua magurudumu kwa furaha. Mwandishi Jessica Bruder, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kiitwacho Nomadland, alieleza khabari za wazee waliokosa kodi ya nyumba baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, wakaingia katika magari na kutafuta vibarua vya msimu. Na hata wenye pato la kutosha hulipa kwa njia nyingine. Wajukuu wa wenyeji wetu huwaona babu na bibi miezi ya joto tu. Na mjukuu wa mwisho alitembea hatua zake za kwanza wao wakiwa Texas.

Halafu liko swali ambalo kila mmoja wao alijua, na wachache walilitaja: ufunguo utawekwa chini lini? Wahenga wetu wa baharini walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mume na mke wawili, Joe na Kay Peterson, walioanzisha chama cha wasafiri kiitwacho Escapees mwaka 1978, walilitazama swali hilo bila kulikwepa. Baadaye, katika mji wa Livingston, Texas, chama kilianzisha mahali ambapo mwanachama aliyezeeka au kuugua aliweza kuegesha tela lake kwa mara ya mwisho, akaendelea kulala kitandani mwake mwenyewe, huku akipata chakula na uangalizi karibu. Wenyeji wetu wao wameamua jambo jingine: siku macho ya mzee yatakapomzuia, watarudi Minnesota, na binti yao amekwisha kuwatengea sehemu ya kiwanja kando ya nyumba yake. Wameyaandika hayo, na watoto wote wameyasoma na kukubali.

Hapo ndipo tulipopata jibu la swali letu. Utulivu wao hautoki katika magurudumu, wala ukosefu wa msingi hauwaondolei. Watoka katika mambo matatu waliyoyatengeneza kwa mikono yao: kila mmoja ajua kazi ya mwenziwe, jirani huthaminiwa kabla ya shida, na mwisho wa safari umezungumzwa wazi wangali na afya.

Ndugu wasomaji, wachache katika sisi watakaoishi ndani ya tela, na pengine haitupasi. Lakini katika nyumba zetu za mawe na za udongo, ni wazee wangapi ambao mume hajui dawa za mkewe, na mke hajui hati ya kiwanja ilipo wala deni analodaiwa mumewe? Na nyinyi vijana, ni wangapi kati yenu mliokwisha kukaa na wazazi wenu mkawauliza, kwa upole na heshima, wapendavyo kuishi nguvu zitakapopungua? Mazungumzo hayo hayahitaji safari wala gharama. Yataka jioni moja, chai ya kutosha, na moyo wa kusikiliza. Mwenyezi Mungu atujaalie kuyafanya wangali hai.