Kapu la Samaki la Ggaba

Ggaba ni soko na bandari ndogo ya wavuvi, mwendo mfupi kutoka katikati ya Kampala, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Alfajiri mashua za mbao huwasili, na kabla jua halijapanda wachuuzi huwa wamekwisha kuzizunguka. Mgeni hulakiwa na harufu ya moshi wa kuni, mafuta ya kukaangia na samaki wabichi.

Mtawala wa soko hilo ni sangara, ambaye Waganda humwita mputa. Samaki huyu si mwenyeji. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewapunguza mno samaki wadogo wa mamia ya aina, nyingine zikatoweka kabisa. Miongoni mwa wadogo hao ni nkejje, ambaye akina mama wa Buganda walimkausha kwa moshi, wakamtwanga na kumtia katika uji wa mtoto aliyedhoofika. Isitoshe, sangara ana mafuta mengi, wala hakauki vema juani. Hana budi kubanikwa, na kubanika kunataka kuni, yaani miti.

Leo sangara naye anawindwa kupita kiasi. Wakubwa hupelekwa viwandani, na minofu yao husafirishwa ng'ambo. Sheria inakataza kuvua walio chini ya sentimita 50, maana wengi wao hawajapata kuzaa. Hata hivyo, wachanga hao huuzwa kwa siri, tena kwa bei inayolingana na mfuko mwepesi. Na ni nani atakayemlaumu mama mwenye watoto sita? Lakini wavu wenye macho madogo haurudi majini ila kwa sababu yupo anayenunua mavuno yake. Mwaka 2017 serikali ya Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kuzikamata nyavu hizo. Kazi ilikuwa kali na ilizua manung'uniko mengi vijijini. Ni jambo la ajabu basi, askari akeshe majini akizisaka nyavu, na jioni wachanga wale wale wakaangwe katika nyumba za kambini.

Pembeni mwa soko, palipo na vishindo vichache, huuzwa mukene, yaani dagaa. Huyu hukua na kuzaa upesi, naye hukaushwa kwa jua tupu pasipo kuni. Wengi hununuliwa kwa chakula cha kuku, kana kwamba kuku ana haki kuliko mtoto. Sababu moja ni mchanga: dagaa walioanikwa chini hukwaruza meno. Mnunuzi mwerevu huulizia walioanikwa juu ya chanja, huwatazama kama wanang'aa rangi ya fedha, na huonja mmoja. Nyumbani huwaosha kwa maji ya vuguvugu mara mbili, huwakaanga kidogo kwa kitunguu na nyanya, kisha huwatia mchuzi wa karanga, ukaliwa kwa matoke au ugali.