Ugeni Ndani ya Lugha: Siku ya Kwanza Mowlem

Mwanafunzi anayevuka mpaka kwenda kuuchunguza mji wa watu aghalabu huwa amekwisha kuusoma mji huo kabla ya kuuona. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanafunzi mmoja wa uzamili kutoka Dar es Salaam, aliyekwenda Nairobi kwa wiki sita kuchunguza namna lugha ya mitaani inavyopenya katika riwaya ya Kiswahili ya Kenya. Mkobani alikuwa na Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, riwaya ambayo mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, hutoka Tanga na kuingia Kenya akimtafuta baba yake. Kongowea alisukumwa na damu, mwanafunzi alisukumwa na tasnifu. Hata hivyo mwanafunzi aliondoka kwao akiamini kwamba mengine yote yangeweza kuwa mageni, lakini si lugha.

Alifika Nairobi usiku kwa njia ya Namanga, akalala mjini. Asubuhi alipanda matatu ya kwenda Mowlem, mtaa wa Eastlands ambako familia moja ilikubali kumpangisha chumba. Gari lilitoka mjini kwa Landhies Road. Katika barabara hiyo, Aprili 2020, Walibora aligongwa na matatu akafa. Mwanafunzi alikuwa ameinakili tarehe hiyo katika sura yake ya kwanza, kwenye wasifu wa mwandishi. Sasa tarehe iligeuka kuwa lami, mikokoteni na watu wanaovuka mbiombio huku mkono mmoja umeinuliwa kuyaomba magari yapunguze mwendo. Alikifunga kitabu.

"Nauli ni shilingi ngapi?" alimwuliza makanga.

"Finje."

Jirani yake, mama wa makamo mwenye kikapu, alimtazama kwa huruma. "Hamsini," alimwambia, kisha akauliza: "Umetoka Tanzania?" Maneno manne tu, yote ya Kiswahili na yote sahihi, yalikuwa yametosha kumtaja kuwa mgeni.

Kuanzia hapo alisoma majina ya mitaa kama mtu asomaye yaliyomo katika kitabu: Shauri Moyo, Kaloleni, Maringo, baadaye Umoja. Haya ni majina ya Kiswahili yaliyobandikwa juu ya mji uliokuwa ukitawaliwa kwa Kiingereza, au, kwa Umoja, mji wa taifa jipya. Mowlem linatoka katika orodha nyingine. Ni jina lilelile la kampuni ya ujenzi iliyoanzishwa London na John Mowlem mwaka 1822. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Carillion mwaka 2006, na Carillion nayo ikafilisika mwaka 2018. Makanga hulitamka jina hilo mara nyingi kwa siku bila deni lolote kwa mwenyewe. Yaelekea mji huzimeza lugha zote kwa njia hiyohiyo, na mhakiki anayetaka kuzitenganisha huja akiwa amechelewa.

Mtaani, katikati ya maghorofa yaliyoanikwa nguo kila roshani, mwanafunzi alianza kazi yake. Daftari lilikuwa na safu mbili: "Sanifu" na "Mtaani". Kufikia saa sita mchana, safu ya pili ilikuwa karibu tupu. Kila alipokaribia kibanda, mazungumzo yalinyooka. Vijana waliokuwa wakizungumza kwa kasi asiyoweza kuifuata walimgeukia na kumwambia, polepole, "Karibu sana, ndugu yetu." Alipomwamkia "Shikamoo" bibi mmoja muuza maharagwe, ambaye watoto walimwita shosho, bibi alinyamaza kitambo, kama mtu atafutaye ufunguo usiotumika siku nyingi, kisha akajibu "Marahaba" na kucheka kwa furaha. William Labov alikwisha kulieleza tatizo hili: mtafiti hutaka kujua watu husema vipi wasipotazamwa, na hana njia ila kuwatazama. Kwa mwanafunzi huyu tatizo lilikuwa zito zaidi, kwani kilichowastua watu hakikuwa daftari. Kilikuwa Kiswahili chake.

Jioni mwenyeji wake alimletea insha ya mwanawe wa darasa la sita. "Mwalimu, wewe umetoka kwenye Kiswahili chenyewe," alisema. "Huyu huwa anaandikanga tu anavyosikia. Mwangalilie."

Sentensi ya kwanza ilisema: "Tunaishi katika kanyumba kadogo." Mwanafunzi alisahihisha: kijumba kidogo.

Mtoto alikitazama. "Si jumba ni nyumba kubwa? Sasa kijumba inakuaje ndogo?"

Swali hilo lingeweza kuulizwa katika semina yoyote ya mofolojia. Jibu jepesi, kwamba ki- ingewekwa moja kwa moja, halikuwezekana: kinyumba ni neno la watu wazima waishio pamoja bila ndoa. Na ka- yenyewe si uchafu wa Sheng, ingawa wanaoilaumu Sheng huitupia mzigo huo. Ni ngeli ya 12 katika hesabu ya Bleek na Meinhof, ngeli kongwe ya Kibantu iliyo hai katika Kikuyu na Kikamba, na ambayo Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu uamuzi wa Mombasa wa mwaka 1928, hakina. Hata ile -anga ya mazoea, aliyoitumia mama wa mtoto dakika moja tu iliyopita, ina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Wahakiki wa Sheng wana haki kuhusu finje na wenzake, maneno yanayobadilika haraka kuliko kamusi. Kuhusu ka-, kilicho kigeni ni sarufi ya shule.

Lakini mtoto hakuwa na semina. Alikuwa na mtihani Ijumaa, na mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

"Kwani kwenu Tanzania mnasema kijumba?" aliuliza.

Mwanafunzi alifikiri juu ya Dar es Salaam: madalali wa vyumba, abiria wa daladala, mama yake mwenyewe akisifu kiwanja alichonunua shangazi. Kanyumba. Wote husema kanyumba.

"Tunasema kanyumba," alijibu.

"Sasa niandike gani?"

Mama alikuwa ameketi akisubiri, na chai ilikuwa inapoa. Mwanafunzi alimwambia aandike kijumba kidogo, na mtoto akafuta kwa uangalifu, asichane karatasi. Kisha mgeni akalifungua daftari lake ili aiandike ka-, akatazama safu ya "Sanifu", akatazama ya "Mtaani", akaomba rula.